Mahali ya Ng'ombe Kumi na Mbili

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Tarime na Serengeti, wenye mifugo na wasio na mifugo, waliosoma na waliosomewa, kwamba siku ya Jumamosi, kuanzia saa tisa na dakika kumi alasiri, Bibi Robi Werema wa Nkende alikaa dakika arobaini mfululizo bila wasiwasi. Tukio la namna hiyo halijawahi kutokea tangu azaliwe. Wataalamu hawakuitwa, kwa kuwa hakuna mtaalamu ambaye angeamini. Bendera haikupandishwa wala kushushwa. Lakini limetokea, na mashahidi wapo.

Robi ana miaka thelathini na tisa na chumba kimoja cha biashara pale Nkende, mjini Tarime. Ndani mna kompyuta, mashine ya kopi, na feni inayozunguka pale inapojisikia. Watu humletea barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba, katiba za vikundi na kadi za michango ya harusi. Wanaingia na maneno yaliyokunjamana, wanatoka na maneno yaliyopigwa pasi. Hiyo ndiyo kazi inayojulikana. Kazi isiyojulikana imo kwenye boksi la mafuta ya kupikia chini ya meza: kaunta buku saba zilizojaa hadithi, zimeandikwa kwa mkono, kwa biki, pembezoni mna alama za kuuliza. Alama hizo anajiwekea mwenyewe. Hakuna mwingine aliyewahi kumuuliza kitu.

Kwa maana Robi ni mtu ambaye neno dogo linamkaa rohoni wiki nzima. Mteja akimwambia, "Leo umechapa vizuri," yeye hukaa akijiuliza ile ya mwezi uliopita ilikuwa na nini. Akifunga duka, huenda mpaka kona, akarudi kuvuta kufuli. Huenda tena, akarudi. Mara ya tatu kufuli lenyewe huwa limechoka. Akikaa mbele za watu, mkono wake husokota ncha ya kitenge, na ndiyo sababu vitenge vyake vyote vina kona moja iliyo kama mkia wa mbuzi. Mumewe, Vincent, anafua mashuka kwenye hoteli ya watalii karibu na geti la Ikoma, na kila jioni humpigia simu kumwambia, "Usiwe na wasiwasi." Vincent anaweza kutoa doa la mvinyo kwenye shuka la mzungu. Kwa mkewe hajawahi kutoa hata tone.

Wasiwasi wote huo una mama yake, naye ni herufi R.

Mungu alipokuwa akigawa herufi, alipofika huku kwetu L ilikuwa imekwisha, akatupatia R mbili ili tusilalamike. Kwa hiyo mtu wa huku akila, anakura. Akilala, anarara. Akipiga kura, mgeni hudhani anampiga mtu kwa chakula. Tunaelewana vizuri tu. Shida ilimkuta Robi akiwa kidato cha pili, alipoandika kwenye insha kwamba mjomba alimnunulia karamu mbili, moja nyekundu na moja ya bluu. Mwalimu, mgeni aliyetoka Pwani, alicheka mpaka akakaa kitini. Akaisoma kwa sauti: "Karamu mbili, moja nyekundu." Darasa zima likamtazama, likisubiri kichekesho. Mwishowe mvulana wa nyuma akauliza, "Mwalimu, wewe ulitaka ziwe za rangi gani?"

Wanafunzi hamsini siku ile hawakuona kosa. Robi alimsikia yule mmoja aliyecheka, na anamsikia hadi leo.

Mtu wa namna hii anaandikaje kaunta buku saba? Njia aliipata kazini. Nje ya duka kuna benchi la wateja wanaosubiri kopi. Siku moja alikuwa anachapa barua ya watu, wasiwasi ukamjia kwamba hadithi yake ya usiku uliopita haifai kitu, naye bila kufikiri akajibu kama anavyojibu wateja: "Keti hapo nje, nitakuita." Kumbe wasiwasi ni kama mtu wa kopi. Ukiufukuza, unagombana. Ukiuhudumia kwanza, unaita na wa jirani. Ukiuambia usubiri zamu, unaketi, na mara nyingi kufika saa sita unakuta umechoka umekwenda zake. Tangu hapo Robi aliandika hivyo: benchi limejaa, yeye ndani anaanza ukurasa mpya. Matumaini yake hayakuwa ya kuimba mapambio. Yalikuwa ya kusema, ngoja nimalizie mstari huu.

Basi akatokea Frida. Huyu ni mwalimu wa Kiswahili kule Kisaka, upande wa Serengeti, na alikuja Nkende kutoa kopi za mitihani. Wakati mashine inakohoa, akafunua kaunta buku iliyokuwa mezani, akasoma kurasa nne akiwa amesimama. Halafu akasema kwamba kila Jumamosi, darasani kwake, wazazi na wakulima hukutana kusomewa hadithi, kila mmoja na nakala yake ya kufuatia kwa kidole, na akamwomba Robi awaandikie moja.

Robi alikubali kabla benchi halijapata habari. Usiku ule likapata. Asubuhi akaenda kwa dada yake Wegesa, ambaye hukaanga maandazi kibanda cha pili na hutafuta karatasi za kufungia kama wengine wanavyotafuta dhahabu, akaapa mbele ya karai: "Hadithi hii wasipoipenda, naacha. Kaunta buku zote saba ni zako."

"Wewe Mungu amekusikia," Wegesa akasema, "na mimi nimekusikia vizuri zaidi."

Hadithi ilimhusu binti aitwaye Boke. Baba yake Boke anakubaliana na wakwe mahari ya ng'ombe kumi na mbili, wazee wanakula, wanacheka, wanapeana mikono. Alfajiri Boke anaingia zizini peke yake kuikagua mahari yake. Anawafunua ng'ombe midomo mmoja mmoja, anatazama meno. Robi alicheka mwenyewe wakati anaiandika, jambo lililomtia wasiwasi.

Jumanne alimaliza kuichapa. Alipokuwa anaipitia, akakuta amemwandika Boke "amesimama mahari pale pale." R ile ikamchoma kama kaa la moto. Akaiambia kompyuta imtafutie neno "mahari" popote lilipo, kompyuta ikayapata sitini na matatu. Sitini na matatu! Alimwona mwalimu wa kidato cha pili akikaa kitini. Hakungoja kutazama moja moja. Akaiamuru ibadilishe yote, ikabadilisha yote, na Robi akapata ahueni ya mtu aliyeng'olewa jino. Alitoa kopi moja ya kujaribia, wino ukawa hafifu, akampa Wegesa kama kawaida. Hadithi akamtumia Frida saa ile ile, bila kuisoma tena, kisha akaenda kunywa soda. Siku aliyoacha wasiwasi ndiyo iliyomponza.

Ijumaa adhuhuri dereva wa lori la saruji, mgeni wa kupita, lafudhi yake ya Pwani kabisa, alikuwa anakula andazi kibandani kwa Wegesa na kusoma karatasi iliyolifunga. Ukuta kati ya kibanda na duka ni mbao, na masikio ya Robi hayajawahi kulala.

"Mama," dereva akasema, "hii mahali ya ng'ombe kumi na mbili iko wapi?"

"Iko wapi nini?"

"Imeandikwa hapa. Baba yake Boke alikubaliana na wakwe mahali ya ng'ombe kumi na mbili. Barabara hii nimepita miaka sita, hapo sipajui."

"Ni mahari, baba. Ya kuoa. Kwenu mnachukua wanawake bure?"

"Hapa pameandikwa mahali."

"Si ndiyo nimesema? Kusoma unajua, kula hujui. Maliza andazi."

Robi alikwisha kufungua kompyuta. Neno moja ndilo lililokuwa kosa. Sitini na mawili yalikuwa sahihi, na yeye kwa mkono wake ameyaharibu. Mahali yake. Mahali ya dada yake. Kikao cha mahali. Wazee walijadili mahali mpaka jua likazama, utadhani wamepotea njia. Akampigia Frida.

"Mwalimu, zile nakala usizigawe."

"Nimeshagawa, dada Robi. Zote arobaini. Tangu juzi."

"Zina makosa. Mahari imeandikwa mahali kila mahali."

Karatasi zikasikika zikifunuliwa upande wa pili. "Mbona mimi nimesoma mara tatu sijaona?"

Robi akajua anahurumiwa. Mwalimu mzima wa Kiswahili hawezi kukosa kuona.

"Na mzee Zablon ndiye atakayesoma," Frida akaendelea. "Anafanya mazoezi toka Jumatano. Anawasomea mbuzi. Wewe njoo tu."

Robi alikata simu, akainama, akavuta lile boksi chini ya meza, akalibeba mpaka kibanda cha pili na kulitua kando ya karai.

"Chukua."

Wegesa alipangusa mikono, akachungulia, akatoa kaunta buku moja na kusugua ukurasa kwa kidole gumba. "Wino unaachia huu. Mtu atakula andazi, mdomo utoke na hadithi."

"Dada, sitanii."

"Nami sitanii. Leo nina magazeti. Nitakayohitaji ni ya Jumapili, watu wakitoka kanisani. Kesho nenda Kisaka. Ukirudi bado unataka kunipa, nitapokea."

"Watanicheka."

"Si hadithi ya kuchekesha?"

"Nilitaka wacheke kwingine."

"Haya, umekuwa mchaguzi. Kuna watu hawachekwi popote." Wegesa akalisukuma boksi kwa mguu kulirudisha upande wa mdogo wake. "Beba. Linanizibia wateja."

Jumamosi asubuhi Robi alikuwa na homa, kichwa, tumbo, na sababu nyingine mbili zisizo na jina. Wegesa alimtoa dukani kwa kumshika mkono. Gari la Mugumu, linalopitia Kisaka, lilikuwa linapiga honi, kufuli likasikika kama limelia ka, na Robi alipotaka kurudi kulivuta, dada yake akamsukumia garini kama gunia la mihogo na kubamiza mlango.

Darasa la Kisaka lilijaa. Mbele walikaa akina mama, wengine miguu bado ina udongo wa shamba. Wanaume walisimama nje, wameegemea madirisha na fimbo zao, ili ikibidi waonekane walikuwa wanapita tu. Robi alikaa dawati la nyuma karibu na mlango, Frida pembeni yake, na wale wateja wake wa benchini wote walikuwa wamesafiri naye bila nauli. Ncha ya kitenge ilikuwa imekwisha kuwa kamba.

Mzee Zablon akasimama. Ni katekista mstaafu, miwani imefungwa uzi, sauti imezoea kuzika watu kwenye upepo. Akakohoa, akainua karatasi.

"'Baba yake Boke,'" akasoma, "'arikubariana na wakwe mahari ya ng'ombe kumi na mbiri.'"

Robi alifumba macho, akasubiri kicheko.

Hakikuja. Akafumbua jicho moja. Mzee aliendelea, mahari yake, mahari ya dada yake, kikao cha mahari, anazitoa moja baada ya nyingine, safi, kama mtu anayetoa ng'ombe zizini kwa majina. Kwenye kiti cha mbele ya Robi alikaa mama mmoja, Kezia, mwenye shamba la mahindi kule mbele ya shule. Robi akanyoosha shingo. Kidole cha Kezia kilikuwa chini ya neno, neno lilikuwa "mahali", L imesimama wima kama nguzo ya umeme, na midomo ya Kezia ikasema "mahari". Jirani yake vilevile. Vidole arobaini, nakala arobaini, na kila L iliyopita mdomoni mwa mtu wa Kisaka ilitoka upande wa pili ikiwa R. Kosa lilitoka Nkende kwa fedheha, na kufika huku hakuna aliyelijua, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa.

Hapo ndipo saa ya Frida ilipoonyesha saa tisa na dakika kumi, na mkono wa Robi ukaiachia ncha ya kitenge.

"'Boke akaingia zizini,'" mzee akasoma, "'akamshika wa kwanza taya.'"

"Taya?" mwanamume mmoja akauliza dirishani.

"Taya," akasema mzee, bila kuinua macho. "Nyamaza. 'Wa nane akakuta anachechemea. Akatoka mbere ya wazee wote akasema, Huyu arudi. Mahari yangu inachechemea, kwani mimi nachechemea?'"

Akina mama walicheka mpaka madawati yakasogea. Mmoja alilala juu ya nakala yake. Mzee Zablon alingoja watulie, akaomba ruhusa ya kurudia pale, hakungoja apewe, akarudia.

"Huyo binti ana mdomo," yule wa dirishani akasema.

"Ana macho," Kezia akamgeukia. "Nyie mlitazama pembe tu."

Robi alijikuta anacheka kwa sauti, kwenye hadithi yake mwenyewe, mbele za watu. Wakati wote huo hakuna aliyemkalia kichwani. Alisikiliza kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, mtu anayejua kazi.

Ilipokwisha alimfuata mzee, kwa sababu uungwana ni uungwana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umeandika."

"Asante. Lakini kuna kosa. Pale kwenye mahari, imeandikwa mahali."

Mzee akashusha miwani, akatafuta mstari, akausoma polepole. "Ma-ha-ri. Ndiyo."

"Hapo katikati, mzee, pana L."

"Naiona," akasema mzee. "Eri."

"Sasa ilitakiwa R."

"Si ndiyo nimesoma?" Alimtazama kwa huruma ya katekista. "Usiguse kitu. Mimi nimeshaizoea."

Kabla hajajibu, Kezia alikuwa amefika, na nyuma yake watu sita. "Mwandishi, yule ng'ombe aliyechechemea, alirudi kwao?"

"Sijui," Robi akasema.

"Kama wewe hujui, nani anajua? Kuna mtu alimchagua yule ng'ombe akamtoa. Siku anarudishiwa, mbele ya mkewe, alisemaje?"

"Alisema amebadilishiwa njiani," wa dirishani akasema.

"Wewe unajuaje? Au ndiwe uliyemtoa?"

Wakaanza kugombana, wapo waliosema ng'ombe alichinjwa, wapo waliosema alizaa mapacha kwa hasira, na Frida akatangaza kwamba mwezi ujao mwandishi atakuja na jibu. Robi aligeuza nakala yake, akaazima karamu ya mwalimu, akaandika nyuma ya ukurasa: alisemaje?

Jumapili watu walipotoka kanisani, Wegesa alikuja dukani na beseni tupu. Robi alikuwa mezani, ameinamia kaunta buku ya nane, mpya, na benchi nje limejaa kama kawaida, la wateja na la wale wengine.

"Nimefuata karatasi zangu."

"Sitoi."

"Hata moja? Ile ya kwanza, yenye jalada limechanika?"

"Dada, kuna ng'ombe hajafika nyumbani."

Wegesa akaliinua beseni lake. Asubuhi hiyo Frida alikuwa amempigia simu akamhadithia yote, na habari kubwa hivyo haikai tumboni mwa muuza maandazi. Akatoka nje, akageuza beseni, akasimama juu yake mbele ya waumini na wateja wa kopi, akaweka mkono kifuani.

"Ndugu zangu katika Bwana," akasema, "natangaza mbele yenu kwamba jana, kule Kisaka, mdogo wangu huyu amekaa dakika arobaini nzima hana wasiwasi. Saa ilikuwepo. Mwalimu ameshuhudia."

Watu wakapiga makofi, wengine wakainama kumchungulia Robi ndani. Robi hakuinua kichwa.

"Thelathini na tano," akasema. "Zile tano za mwisho nilikuwa nawaza kama nilifunga kufuli. Na kumbe sikufunga."